Shule ya Vichakani: Kumbukumbu za Mtunzi Mzee Camille Saint-Saëns

Mwaka 1913, mjini Paris, mtunzi wa muziki Camille Saint-Saëns alitoa kitabu cha kumbukumbu zake akakiita École buissonnière. Wenzetu wanaofundisha katika nchi zitumiazo Kifaransa hawatahitaji kuelezwa maana ya jina hilo. Kwa wengine tuseme kwamba neno kwa neno ni "shule ya vichakani", na kwamba Mfaransa akisema mtoto amekwenda katika shule hiyo, ana maana kuwa mtoto huyo ni mtoro: ametoka kwao asubuhi na madaftari yake, lakini mwalimu hakumwona darasani. Kiswahili hakina haja ya kuazima vichaka vya watu, kwa kuwa neno letu utoro limejitosheleza; ila utoro wetu una fimbo ndani yake, na shule ya vichakani ina harufu ya majani na matunda ya mwituni. Atakayekitafsiri kitabu hiki siku moja itambidi achague. Sisi tungechagua vichaka.

Mtoro huyo alikuwa na umri wa miaka 77. Alizaliwa Paris tarehe 9 Oktoba 1835, akafiwa na baba kabla hajatimiza miezi mitatu, akalelewa na mama yake pamoja na bibi mmoja wa ukoo ambaye ndiye aliyemfungulia piano hata kabla hajafikisha miaka mitatu. Mwezi Mei 1846, akiwa mtoto wa miaka kumi, alipiga piano mbele ya hadhira katika ukumbi wa Pleyel, na husimuliwa kwamba mwishoni alijitolea kupiga kwa moyo sonata yoyote ya Beethoven watakayoitaka wasikilizaji. Tangu 1858 hadi 1877 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Madeleine, ambalo ni kanisa la wakubwa wa mji ule. Kwa hiyo alipokaa kuandika kumbukumbu zake alikuwa amewazika karibu wote aliokuwa akiwaandika. Wengine walimjua Rossini kwa vitabu. Yeye alikuwa amekaa sebuleni kwake. Mwaka huohuo wa 1913 Paris ilizomea na kushangilia kwa pamoja Le Sacre du printemps, kazi ya Igor Stravinsky, kijana wa miaka 30. Kitabu cha mzee na ngoma ya kijana vilitoka katika mji mmoja na mwaka mmoja, na kila kimoja kilikuwa kiziwi kwa mwenzake.

Wasifu ulioanzia kuzaliwa ukaishia uzeeni hatuupati humu. Ni mkusanyo wa makala, kila moja ikisimama peke yake: hapa mwalimu, hapa mwimbaji, hapa mchoraji aliyependa fidla, pale mabishano juu ya opera, pale Victor Hugo, ambaye Saint-Saëns alimstahi tangu ujana wake na kuyatia mashairi yake katika nyimbo. Mzee anaruka kutoka kichaka hadi kichaka. Anayetafuta tarehe atachoka. Anayetafuta watu atashiba.

Sura ya utoto ndiyo tuipendayo kuliko zote. Anasimulia habari za mtoto aliyekuwa akisimama kusikiliza mlango unaolia, saa inayogonga, na zaidi ya yote birika kubwa la maji lililowekwa motoni kila asubuhi. Alikaa karibu nalo akingojea mnong'ono wake wa kwanza, kisha sauti ile ipande polepole na kubadilika, mpaka itokee sauti nyembamba kama ya obo, ambayo ni ndugu ya zumari yetu, na maji yakishachemka inyamaze. Alipokuja kuusikia muziki wa Berlioz aliitambua humo obo ya birika lake. Anasema pia kwamba alipowekwa mbele ya piano mara ya kwanza hakuipigapiga ovyo kama wafanyavyo watoto, bali alibonyeza kibao kimoja akangojea sauti yake ife kabisa ndipo akabonyeza kingine. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza aliyewahi kumwona mtoto akilizungusha neno jipya mdomoni kabla ya kulitamka la pili atamtambua mtoto huyu.

Sikio hilo ndilo mtaji wa maisha yake yote, na ndilo tutakalolifuata katika makala hii, maana lilisikia mengi, na kuna mambo lililokataa kuyasikia.

Kwa wazee wake alikuwa na adabu ambayo ni raha kuisoma. Chukua kisa cha Rossini. Mtunzi huyo wa Italia alikuwa ameacha zamani kutunga opera, naye alikaa Paris akikaribisha wageni jioni za Jumamosi, na nusu ya mji ilitamani kualikwa. Saint-Saëns, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ametunga tarantela ya filimbi na klarineti pamoja na piano. Rossini akaipenda, akataka ipigwe kwake. Nyumbani mwake hapakuwa na desturi ya kugawa karatasi ya ratiba, na wageni wakadhani kwamba kazi ile ni ya mwenye nyumba. Wakamjia baada ya kumaliza, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na sifa zake: uzuri ulioje, ustadi ulioje. Mzee akawaacha wamwage sifa zote mpaka ya mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba anakubaliana nao kabisa, ila kazi hiyo si yake, ni ya bwana huyu aliyekaa hapa. Saint-Saëns aliandika habari hiyo baada ya miaka zaidi ya hamsini, na bado shukrani haijapoa. Tumekutana na wakuu wengi wa sanaa vitabuni, lakini wachache waliojua jinsi ya kumnyanyua kijana bila ya kumfanya aone kuwa amenyanyuliwa.

Liszt alimtendea jema kubwa zaidi. Opera ya Samson et Dalila, ambayo leo ndiyo inayompa Saint-Saëns nafasi katika majumba ya opera duniani, ilikataliwa na Paris kwa miaka mingi, kwa kuwa wengi hawakupenda kuona kisa cha Biblia kikiimbwa jukwaani kama mapenzi ya kawaida. Mwaka 1874 mwimbaji Pauline Viardot, ambaye kwake opera hiyo ilitabarukiwa, aliiandaa sehemu ya pili nyumbani huko Croissy na kuiimba yeye mwenyewe, akiwa amekwisha kupita miaka hamsini, ili mkuu wa Opera ya Paris aisikie. Hakushawishika. Ni Liszt aliyeipeleka Weimar, Ujerumani, ikachezwa huko kwa Kijerumani tarehe 2 Desemba 1877, miaka sita tu baada ya vita vya Ufaransa na Prussia. Opera ya Paris iliipokea mwaka 1892. Simfoni ya tatu ya Saint-Saëns, ile yenye kinanda cha kanisa ndani yake, ilisikika kwanza London mwezi Mei 1886. Liszt alifariki mwezi Julai mwaka huohuo, na kazi hiyo ikachapishwa kwa ukumbusho wake. Viardot naye aliishi hadi 1910. Tunapoisoma sura aliyomwandikia, tunapata kumjua mwanamke aliyekuwa mwimbaji, mpiga piano na mtunzi kwa wakati mmoja, mjuzi wa lugha nyingi, ambaye vitabu vingi vya historia vilimweka kando kwa kumwita mwimbaji tu.

Kwa rika lake alikuwa na ulimi mkali kidogo. Mwaka 1878 alishindwa na Jules Massenet, mdogo wake kwa miaka saba, katika uchaguzi wa kiti cha Akademia ya Sanaa. Inasimuliwa kwamba Massenet alimpelekea simu ya maandishi kumwambia kuwa Akademia imetenda dhuluma kubwa, na kwamba Saint-Saëns alijibu kuwa anakubaliana naye kabisa. Aliingia mwaka 1881. Massenet alipofariki mwaka 1912 na watu wakaanza kumdharau, ni mshindani wake wa zamani aliyechukua kalamu kumtetea.

Ualimu aliufanya kwa miaka michache tu. Tangu 1861 hadi 1865 alifundisha piano katika shule ya Niedermeyer, iliyowaandaa wapiga vinanda wa makanisa. Mtaala wake ulikuwa wa nyimbo za kanisa na watunzi wa kale; saa ya somo ikiisha mwalimu kijana alibaki na wanafunzi akawapigia Schumann, Liszt na Wagner, ambao hawakuwemo katika mtaala wowote. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Gabriel Fauré, ambaye baadaye aliongoza Chuo cha Muziki cha Paris na kumfundisha Maurice Ravel. Urafiki wa mwalimu na mwanafunzi huyo haukukatika mpaka kifo. Wengi wetu tumefundisha miaka mingi kuliko minne bila ya kumpata Fauré hata mmoja.

Sasa tuje kwenye lile sikio lililofungwa. Mwaka 1871, baada ya Ufaransa kushindwa vitani, Saint-Saëns na mwenzake Romain Bussine walianzisha Société nationale de musique, chama cha kuwapa watunzi wa Kifaransa walio hai mahali pa kusikika. Mwaka 1886 wanachama wengine walitaka kazi za kigeni zikubaliwe pia. Waanzilishi hao wawili wakajiuzulu. Ni katika maonyesho ya chama hichohicho kwamba Prélude à l'après-midi d'un faune ya Claude Debussy ilisikika mara ya kwanza, tarehe 22 Desemba 1894. Nyumba aliyoijenga mzee ikamzalia mtoto asiyemtambua, naye hakukubali kumtambua mpaka mwisho. Katika kitabu chake kuna makala juu ya "fujo katika muziki", na hapo adabu yote ya kisa cha Rossini imetoweka. Anaona sarufi ya muziki ikivunjwa na hawezi kufikiri kwamba huenda anayeivunja anaijua. Walimu wa Kiswahili waliokuwako wakati wa mabishano juu ya mashairi yasiyo na vina na mizani, katika miaka ya 1970, watayasoma maneno yake kwa kutabasamu, kwa upande wowote waliokuwa wameusimamia.

Lililotushughulisha sana ni kwamba mtu huyu aliyekataa kutembea hatua chache kumwendea Debussy alitembea dunia nzima. Na sehemu ya dunia aliyoirudia mara kwa mara kuliko nyingine ilikuwa bara letu.

Sababu ya kwanza ilikuwa kifua. Mapafu yake hayakuwa na nguvu tangu utotoni na madaktari walimtaka aikimbie baridi ya Paris. Hivyo mwaka 1873 alikwenda Algeria. Sababu ya pili ni msiba, na hapa tunaandika kwa ufupi kwa kuwa jambo lenyewe halihitaji maneno. Mwaka 1875 alimwoa Marie-Laure Truffot, wakapata wana wawili. Mwezi Mei 1878 mkubwa, mwenye miaka miwili na nusu, alianguka kutoka dirishani akafa. Majuma sita baadaye mdogo akafa kwa maradhi. Mwaka 1881, walipokuwa likizoni, Saint-Saëns alimwacha mkewe ghafla na hawakukaa pamoja tena. Akabaki na mama yake. Mama akafariki mwezi Desemba 1888.

Baada ya hapo hakuwa na nyumba, au tuseme hakutaka kuwa nayo. Vitu vyake akaupa mji wa Dieppe. Majira ya baridi ya 1889 hadi 1890 alijificha katika Visiwa vya Canary kwa jina la Charles Sannois, wakati Paris ikifanya matayarisho ya opera yake Ascanio. Siku ya kwanza ya opera hiyo, mwezi Machi 1890, mtunzi hakuwepo ukumbini. Magazeti yaliuliza yuko wapi, na wengine wakanong'ona kwamba amekufa au amerukwa na akili. Huo ndio utoro wa kweli nyuma ya jina la kitabu chenye harufu ya majani.

Safari za Afrika tunazisoma vizuri zaidi katika kazi za muziki alizotunga kuliko katika maneno yake. Ya mapema ni Suite algérienne ya mwaka 1880, yenye sehemu nne. Katika ya kwanza meli inaukaribia mji wa Algiers na abiria anauona ukitoka baharini. Ya pili ni ya ngoma na mahadhi ya wenyeji kama alivyoyasikia. Ya tatu ni jioni tulivu huko Blida. Ya nne ni nini? Ni gwaride la askari wa Kifaransa. Mtunzi hakuficha furaha yake ya kuisikia bendi ya jeshi la nchi yake baada ya zile sauti ngeni. Ufaransa ilikuwa imeiteka Algiers mwaka 1830, na nusu karne baadaye mgeni huyu mpole, asiyemchukia mtu, anamaliza picha yake ya Algeria kwa buti za askari, kama vile hapana njia nyingine ya kuimaliza. Hatumlaumu kwa kukosa kuyaona ambayo karibu wote wa wakati wake hawakuyaona. Tunasema tu kwamba gwaride lile linasikika, na mwenye masikio anaweza kuliuliza linafanya nini pale.

Mwaka 1891, akiwa Cairo, alimaliza kazi ya piano na okestra akaiita kwa neno moja: Africa. Ni kazi ya kung'ara, ngumu kwa vidole, na jina lake ni kubwa kupita ufuo wa kaskazini ambao mtunzi aliujua. Walimu wa jiografia wana haki ya kulalamika.

Kazi tunayoithamini zaidi ni ile ya mwaka 1896, konsato ya tano ya piano, aliyoitunga huko Luxor na ambayo watu waliipa jina la "ya Kimisri". Aliipiga yeye mwenyewe katika ukumbi wa Pleyel tarehe 2 Juni 1896, katika sherehe ya kutimiza miaka 50 tangu alipopiga humo akiwa mtoto. Ndani ya konsato hiyo lile sikio la birika limeamka tena. Husemwa kwamba ndani yake mna vyura na nyenje wa kando ya mto Nili, na katika sehemu ya mwisho mngurumo wa rafadha ya meli. Na katikati ya sehemu ya pili, mkono wa kushoto wa mpigaji unaanza wimbo mtulivu. Saint-Saëns alieleza kwamba huo ni wimbo wa mapenzi wa Kinubi, alioupata kwa mabaharia waliokuwa wakiimba alipokuwa akisafiri mtoni kwa dahabia, yaani mashua ile kubwa ya matanga iliyokuwa ikiwachukua wageni.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia neno Wanubi atawakumbuka majirani zetu wa Bombo na Kibera, kwa hiyo tutenganishe mapema. Hao ni wazao wa askari wa Emin Pasha waliotoka Sudan, ambao Lugard aliwaleta Uganda mwaka 1891, mwaka uleule ambao Africa ilikuwa ikimalizwa Cairo. Na lugha yao, Kinubi, imejengwa juu ya Kiarabu. Mabaharia wa Luxor walikuwa watu wa Nubia ya kale, kati ya Aswan na Dongola, wenye lugha zao za Kiafrika zilizokuwa zikiandikwa karne nyingi kabla ya hapo. Jina ni moja, watu ni wawili.

Basi tunalo swali, na ni swali la walimu wa lugha zaidi kuliko la wanamuziki. Mtunzi wetu aliyasikia mahadhi akayaandika, na kwa uaminifu alisema yametoka wapi. Wengi wa wakati wake wasingesema. Lakini Rossini ana jina katika kumbukumbu zake, Viardot ana jina, na hata wapiga filimbi na klarineti wa Jumamosi ile wana majina. Baharia aliyeimba hana jina katika masimulizi yaliyotufikia, na maneno ya wimbo wake hayamo katika konsato. Wimbo wa mapenzi bila maneno yake! Mswahili hawezi kuliona jambo hilo dogo. Kwetu wimbo ni shairi kwanza, na mahadhi ni chombo cha kulisafirisha. Ukichukua chombo ukaacha abiria ufuoni, umesafirisha nini? Saint-Saëns hakuwa mtu asiyejali maneno, kwani yeye mwenyewe alichapisha diwani ya mashairi mwaka 1890. Alikosa lugha ya mwimbaji, basi, na hatujui kwamba aliitafuta.

Misri ya miaka hiyo ilikuwa na msafiri mwingine, na huyo anatuhusu moja kwa moja. Mapokeo ya Unguja yanasema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Alikaa kwa walimu, akajifunza chombo, akarudi akawafundisha wengine, na kutokana na watu wa namna hiyo kikatokea kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905. Mahadhi ya Misri yalipofika Unguja hayakuachwa bila abiria: taratibu yalipandwa na mashairi ya Kiswahili, na kutoka humo taarabu ikaenea hadi bara. Mmoja alikwenda Misri kupumzika akasikia. Mwingine alikwenda kuwa mwanafunzi. Wote wawili walirudi na kitu cha Misri. Cha wa kwanza kikawa pambo zuri katika kazi iliyokwisha kuwa na sarufi yake. Cha wa pili kikazaa sarufi mpya.

Mtu anaweza kutujibu kwamba kusafiri si sharti la kujifunza, na Debussy ndiye shahidi wake. Yeye hakwenda Java. Alisikia okestra ya gamelan kutoka Java katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1889, mjini kwao, kwa tiketi, naye hakuwa sawa tena baada ya hapo: masikio yake yakaanza kuihoji ngazi ya noti aliyofunzwa chuoni. Mwaka huohuo mzee wake alikuwa akifunga mizigo kwenda Canary. Nadhari hii tunaiona ya haki kwa wote wawili: Saint-Saëns aliubeba mji wake kila alikokwenda, na Debussy alikaa mjini kwake akauacha mlango wazi.

Na Wanubi wa mtoni je? Katika miaka ya 1963 na 1964, lilipojengwa bwawa kuu la Aswan, Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa, na vijiji vyao vikafunikwa na maji. Kijiji kimoja kilichozama ni Toshka, alikozaliwa Hamza El Din mwaka 1929. Alisomea uhandisi, akajifunza udi na muziki wa Kiarabu mjini Cairo, kisha akasoma Roma, naye ndiye aliyeufanya udi uimbe Kinubi cha mtoni mbele ya dunia. Mwaka 1971 ilitoka sahani yake Escalay, maana yake gurudumu la kuteka maji, ambamo kipande kirefu kinazunguka na kulia kama lile gurudumu linaloendeshwa na ng'ombe, na mtoto amekaa nyuma yake. Alifariki Marekani mwaka 2006. Aliyesikiliza konsato ya Saint-Saëns akamalizia na Escalay atakuwa amelisikia bonde moja mara mbili: mara ya kwanza kutoka kwenye sitaha ya mgeni, mara ya pili kutoka kwenye gurudumu la mwenyeji aliyekwisha kupoteza nyumba. Tunawashauri wenzetu wenye vinasa sauti mashuleni wajaribu, na wawaulize wanafunzi waandike walichosikia kabla ya kuwaeleza lolote.

Saint-Saëns mwenyewe hakuacha kusafiri. Alikwenda Ceylon na Saigon, alikwenda Amerika ya Kusini, na mwaka 1915, akiwa na karibu miaka 80, alikuwa San Francisco. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia aliandika kwa hasira dhidi ya muziki wa Kijerumani, na kurasa hizo tumezisoma kwa huzuni, maana ni Wajerumani wa Weimar waliompokea Samson wake. Mwezi Agosti 1921 alipiga piano mbele ya watu huko Dieppe, miaka 75 baada ya ile siku ya Pleyel. Kisha akaenda Algiers kuikimbia baridi kama ilivyokuwa desturi yake, akafariki huko hotelini tarehe 16 Desemba 1921, mwenye umri wa miaka 86. Mwili ulivushwa bahari ukasaliwa katika kanisa la Madeleine, alikokuwa akipiga kinanda, ukazikwa katika makaburi ya Montparnasse.

Katika mwaka wake wa mwisho alitunga sonata tatu za vyombo vya kupuliza, akieleza kwamba anataka kuvipatia kazi vyombo ambavyo watunzi wamevitungia chache mno. Moja ni ya klarineti, moja ya fagoti. Ya kwanza kati ya hizo tatu, yenye namba 166 katika orodha ya kazi zake, ni ya obo.